Shule si Uwanja wa Farasi

Mwaka jana mjukuu wangu, mtoto wa miaka 9, aliniomba niende naye shuleni kwao siku ya wazazi, kwa kuwa baba na mama yake walikuwa safarini. Nikaitoa sandukuni suti yangu ile ile niliyostaafu nayo, nikaenda. Shule yenyewe ni ya kulipia, mojawapo ya hizi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Sina nia ya kuitaja jina, kwani ninayotaka kuyasema si ya shule moja.

Tuliketi chini ya turubai. Mkuu wa shule akasimama, akatuambia kwa Kiingereza kwamba maisha ni "race", na kwamba shule yake inawaandaa watoto wetu kushinda. Kisha akaanza kusoma majina, darasa baada ya darasa, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza alipigiwa makofi. Wa mwisho alichekwa. Mjukuu wangu alikuwa wa 41 kati ya watoto 43. Jina lake liliposomwa, aliuchomoa mkono wake kutoka katika mkono wangu, kana kwamba hakutaka nami nionekane ni wa 41.

Njiani aliniuliza swali moja tu: "Babu, hizo mbio zinaishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka 31, nimewafundisha watoto wa watu maana ya maneno maelfu, na siku ile mjukuu wangu alinishinda kwa neno la herufi nne. Usiku ule sikulala vizuri. Si kwa ajili ya ile namba 41, maana mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo sikuwa mbali nayo. Kilichoninyima usingizi ni lile neno. Ninajua limetoka wapi, na ninawajua ndugu zake wote waliojificha ndani ya shule zetu. Nimeona nisinyamaze.

Nianze na neno lenyewe. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao lililofanana na hilo, lakini hili la mbio lililobaki midomoni mwao lililetwa na watu wa Skandinavia, wale mabaharia wavamizi walioanza kuingia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8 na baadaye wakahamia huko, hasa kaskazini na mashariki. Kwao lilikuwa "rás", yaani mwendo wa kasi, na kasi hiyo iliweza kuwa ya mtu, ya mnyama, au ya maji. Maana ile ya maji haijafa. Hadi leo Mwingereza anapotaja mfereji unaopeleka maji kuzungusha gurudumu la kinu cha kusagia nafaka, huuita "mill-race". Msomaji wangu, tulia kidogo hapo. Katika mfereji ule hamna mshindi wala mshindwa. Maji hayashindani na maji. Yanakwenda pamoja, tone la mbele na tone la nyuma, gurudumu linazunguka, na watu wanapata unga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya maana ya neno. Iweje sisi tuliokote nusu ile nyingine tu?

Lipo na neno jingine la Kiingereza linaloandikwa vile vile, "race" lenye maana ya mbari au rangi ya watu. Hayo si ndugu. Hili la pili lilipitia Ufaransa, nalo Kifaransa kililipata kwa Waitalia. Wako wataalamu wanaosema kwamba chimbuko lake ni neno la Kifaransa cha kale kwa mahali pa kuzalishia farasi, na wengine hawakubali. Lakini jambo moja halina ubishi. Kamusi ya Kihispania ya Covarrubias iliyotoka mwaka 1611, ilipolieleza neno hilo kwa lugha yao, ilianza na farasi wa damu safi wanaotiwa chapa ili watambulike. Kwa hiyo neno moja linauliza nani amefika kwanza, na la pili linauliza nani amezaliwa na nani. Nami nasema kwamba chini ya lile turubai maneno haya mawili yalikuwa yamefunga ndoa. Mtoto akisomwa wa 41 muhula mmoja, ni mtoto aliyechelewa. Akisomwa hivyo miaka mitatu mfululizo, hachukuliwi tena kuwa amechelewa; anaambiwa ni wa aina hiyo. Anaitwa kilaza. Ametiwa chapa.

Mbio za farasi ni mchezo wa Waingereza hasa, tena wa wakubwa wao. Mfalme Charles wa Pili aliupenda mji wa Newmarket kwa ajili hiyo, naye Malkia Anne ndiye aliyeuanzisha uwanja wa Ascot mwaka 1711. Mwaka 1780 huko Epsom zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mbio zilizopewa jina la bwana mmoja mwenye cheo, Earl wa Derby. Jina hilo leo tunalitamka bila kufikiri. Simba na Yanga wakikutana tunasema ni dabi, wala hakuna anayekumbuka kwamba tunataja jina la mwinyi wa Kiingereza na farasi wake. Sisi Tanzania hatuna desturi ya mbio za farasi. Wenzetu wa Kenya wanao uwanja wao Ngong, mchezo ulioletwa na walowezi. Lakini maneno ya mchezo hayakuhitaji uwanja ili yatufikie. Yalikuja kwa chaki.

Hata ndani ya uwanja ule wa wakubwa, maneno ya zamani yanasema mengi kuliko wenyewe wanavyodhani. Umbali wa mbio za farasi hupimwa kwa "furlong", kipimo cha kama mita 201. Neno hilo maana yake ni urefu wa mfuo, ule mfereji mdogo unaoachwa na jembe la kukokotwa na ng'ombe katika shamba. Basi farasi mwenye kasi kuliko wote duniani anapimwa kwa hatua za ng'ombe wa mkulima, mnyama asiyeshindana na mtu. Na mbio mbili kubwa za Newmarket, zilizoanza mwaka 1809 na 1814, zinaitwa kwa sarafu ya "guinea": moja ya guinea 2000, nyingine ya guinea 1000. Sarafu hiyo ilianza kupigwa mwaka 1663, na jina lake limetokana na pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, ilikotoka dhahabu yake. Kampuni iliyoileta dhahabu ile ilisafirisha pia watu, wakiwa wamefungwa minyororo. Mwenye kusema kwamba maneno ni maneno tu, na atafakari hilo.

Sasa nije shuleni, maana huko ndiko kwenye ugomvi wangu.

Mwalimu wa leo akizungumza kuhusu kazi yake hutumia maneno matatu ya Kiingereza: "course", "career" na "curriculum". Yote matatu ni ya mbio. La kwanza ni Kilatini "cursus", mwendo wa kukimbia, na ndiyo maana uwanja wa farasi huitwa "racecourse", na farasi mwepesi wa zamani aliitwa "courser". Sisi tumelifanya kozi: kozi ya ualimu, kozi ya kompyuta, kozi ya ushonaji. La pili, "career", lilipita Ufaransa kutoka katika neno la Kilatini la njia ya magari ya kukokotwa. Lilipoingia katika Kiingereza karne ya 16 lilikuwa na maana ya uwanja wa kukimbizia farasi, na mbio zenyewe za farasi aliyeachiwa hatamu. Maana ya kazi ya mtu maishani ilikuja baadaye sana, katika karne ya 19. Hata sasa Kiingereza kikisema kwamba gari lina "career", maana yake linakwenda kasi bila ya kushikika. Vijana wetu wanaoambiwa wachague "career" wangefaa waelezwe na hilo.

La tatu ndilo baba yao. "Curriculum" kwa Warumi lilikuwa ni kukimbia, mzunguko wa uwanja, na hata lile gari dogo la kukokotwa na farasi katika mashindano. Huko Scotland, katika chuo kikuu cha Glasgow, lilikuwa limeshaanza kutumika kwa mpango wa masomo mwaka 1633. Tangu hapo mwanafunzi amefungwa nyuma ya farasi, anazunguka.

Kiswahili chetu hakikufanya kosa hilo. Sisi tunasema mtaala, neno lenye asili ya Kiarabu katika maana ya kusoma na kudurusu. Katika neno mtaala hakuna vumbi la kwato. Kuna mtu ameketi na kitabu. Na hilo neno shule je? Tulilichukua kwa Wajerumani walipotutawala, nao walilipata katika Kilatini, na Kilatini kililipata kwa Wagiriki, ambao kwao "skholē" lilikuwa na maana ya mapumziko, wakati wa mtu asiyesukumwa na kazi wala na bwana, akapata nafasi ya kufikiri. Ndiyo, ndugu msomaji. Shule ni mapumziko. Wale watoto 43 waliosimamishwa juani walikuwa wameletwa mahali ambapo jina lake ni utulivu, wakakimbizwa.

Lipo neno moja linaloniuma kuliko yote, kwa sababu kwa hilo mimi nami nina dhambi. Neno hilo ni "handicap".

Watu wengi hudhani, na hata baadhi ya walimu wenzangu walifundisha hivyo, kwamba lilitokana na viwete waliokuwa wakiomba sadaka kofia mkononi. Si kweli. Asili yake ni "hand in cap", mkono ndani ya kofia, mchezo wa kubadilishana vitu wa karne ya 17. Watu wawili wakitaka kubadilishana mali, mwamuzi alisema ni kiasi gani mwenye kitu hafifu aongeze ili pasiwe na dhuluma. Waliweka fedha kidogo ndani ya kofia, wakatia mikono, na kwa namna ya kuitoa ilijulikana kama wamekubali au wamekataa. Lilikuwa ni neno la haki na suluhu. Katika karne ya 18 likaingia katika mbio za farasi. Hapo mwamuzi aliwapima farasi, kisha yule mwenye nguvu zaidi akabebeshwa uzito mkubwa zaidi, ili dhaifu naye apate nafasi. Katika karne ya 19 Admirali Rous alijulikana Uingereza nzima kwa ustadi wa kupanga mizigo hiyo. Umeona? Mzigo ulibebwa na mwenye nguvu. Ni mwanzoni mwa karne ya 20 tu neno hili lilipogeuzwa na kubandikwa kwa watu wenye ulemavu, likawa ni jina la mzigo wa dhaifu.

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya kijijini. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba watoto wakae kwa kufuata nafasi walizopata katika mtihani: wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma. Tuliona ni jambo la busara, la kutia bidii. Darasani mwangu mlikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa wa mwisho kila mara, na kwa hiyo alikuwa akikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Alikuwa haandiki ninachoandika ubaoni. Nilimchapa kwa uvivu. Baadaye nilimwona akisoma barua ya nyumbani kwao ameisogeza karibu na pua, ndipo nikatambua kwamba macho yake hayaoni mbali.

Nilifanya nini? Nilichukua daftari la darasa, na katika nafasi ya maoni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, "handicap". Basi. Sikumsogeza mbele. Nafasi ya mbele ilikuwa ya mtoto wa kwanza, aliyekuwa anaona vizuri na angeweza kusoma ubao hata akiwa nje dirishani. Mtoto yule aliacha shule kabla ya kufika darasa la saba. Nililijua neno la Kiingereza na sikuijua maana yake. Kama ningeijua, ningemwambia yule wa kwanza, mwanangu, wewe una nguvu, beba kidogo, nenda nyuma. Hiyo ndiyo "handicap" ya kweli. Dawa yake ilikuwa hatua saba za kutembea kutoka ukutani hadi ubaoni, na mimi nikamnyima.

Wapo watakaonijibu, na majibu yao ninayafahamu kwa sababu niliyatoa mwenyewe kwa miaka mingi. Watasema maisha ni mashindano, na mtoto asiyezoea kushindwa atavunjika mbele ya safari. Nami nauliza: ni kazi gani mliyopata kuifanya maishani, kulima, kulea, kutibu, kujenga, ambayo mliimaliza kwa kumpita mwenzenu? Nyumba haijengwi na fundi wa kwanza. Inajengwa na mwashi, seremala, na kijana wa kubeba zege, na wa mwisho akikosekana wa kwanza anakaa kivulini kusubiri.

Watasema bila nafasi watoto watabweteka. Sikatai mtihani. Mtihani ni kama mizani ya sokoni, huonyesha kilichopo na kilichopungua. Ninachokataa ni kuchukua kipimo cha mtoto na kukifanya kelele ya uwanjani. Mwambie mtoto amekosa hesabu za sehemu, naye atajua la kufanya. Mwambie ni wa 41, atafanya nini na 41? Hakuna somo linaloitwa hivyo. Na yule wa kwanza naye anadhurika. Anajifunza kwamba elimu ni migongo ya wenzake aliyoiacha nyuma, na siku atakapofika mahali asipokuwa na wa kumpita, hatajua kwa nini asome.

Watasema pia kwamba wazazi ndio wanaotaka. Hilo ni kweli, na ni aibu yetu. Tunalipa ada, tunataka tuonyeshwe farasi wetu. Lakini hata serikali zimeanza kuligundua kosa hili. Mwaka 2014 waziri wa elimu wa Kenya alipiga marufuku kupanga shule na wanafunzi kwa nafasi katika mitihani ya taifa, jambo lililozua ubishi mkubwa. Huku kwetu, mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne halikutaja tena shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, kama ilivyokuwa desturi. Walipiga kelele wengi. Zaidi ya wote walipiga kelele wale wanaochapa mabango ya matangazo ya shule.

Na mwisho watasema kwamba nachukia mbio. La hasha! Nilikuwa kijana redioni mwaka 1974, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, na nilirukaruka kama mwehu. Mbio za hiari, za mtu aliyetayarishwa na anayejua mstari uko wapi, ni jambo zuri. Lakini hebu tujiulize Watanzania, ni mkimbiaji gani mwingine tunayemsimulia watoto wetu? Ni John Stephen Akhwari. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka na kuumia, goti likafungwa bandeji, akaendelea. Alifika zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57. Wa mwisho!

Katika magazeti ya mbio za farasi, baada ya kutajwa farasi watatu wa mwanzo, waliobaki hufuatia chini ya maneno "also ran", yaani nao walikimbia. Kiingereza kimeyafanya maneno hayo kuwa jina la dharau kwa mtu asiyefaa kitu. Kwa kipimo hicho Akhwari ni "also-ran" mkubwa kuliko wote. Kwa kipimo chetu ni fahari ya nchi, na watu waliosahau nani alikuwa wa pili au wa tatu siku ile hawajamsahau yeye. Basi sisi wenyewe tunajua ukweli. Tunaujua tukiwa uwanjani, tunausahau tukiwa shuleni, mahali ulipotakiwa zaidi.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hilo ndilo jibu la swali la mjukuu wangu, ingawa nimechelewa kulipata. Mbio hizo hazifiki popote, zinazunguka ndani ya chumba, na mwishoni kuna ukingo ambapo watoto wengi huanguka kimya kimya, kama yule wangu wa mwaka 1978.

Sina mamlaka ya kufuta neno la Kiingereza, wala sitaki. Ni lugha iliyonilisha. Ninachoomba kwa walimu wanaonisoma ni kidogo. Yaacheni majina yasisomwe chini ya turubai. Kila mtoto apewe karatasi yake mkononi, na mzazi wake aitwe pembeni aambiwe palipopungua. Kesho asubuhi angalieni ni nani anakaa nyuma kabisa, na mumuulize kama anaona ubao. Na mkishindwa kuishi bila lile neno la "race", basi lichukueni kwa maana yake ya zamani, ya mfereji wa kinu. Watoto wote 43 ni maji ya mfereji mmoja, na sisi tunaohitaji unga hatuna haja ya kujua ni tone lipi lililotangulia.

Mjukuu wangu bado anasoma shule ile ile. Nimemwomba baba yake anipe ruhusa, na Jumamosi hii nitakwenda kumwona mwalimu wake wa darasa. Nina swali moja tu la kumuuliza: huyu mtoto anakaa wapi?